Tupeane uzoefu: Sisi wa bara tulijifunzaje kuchagua mahali pa kutupa mshipi baharini?

Mwanzisha mada, Dodoma Makulu

Ndugu zangu, habari za leo. Uvuvi wa mshipi niliuanzia kwenye bwawa la Hombolo, ambako mtu akishajua perege walipo, huwakuta hapo asubuhi na jioni. Tangu treni ya umeme ilipoanza kutufikisha Dar es Salaam mwaka 2024, nimeshuka pwani mara tatu na kurudi mikono mitupu mara zote. Safari moja nilifika ufukoni Kigamboni saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikakuta bahari imeondoka. Mbele yangu palikuwa na mchanga, majani ya bahari na akina mama wakichokoa pweza. Nilisubiri hadi saa nane, nikakata tamaa na kuondoka, kumbe saa hiyo ndipo maji yalipokuwa yakirudi. Naomba aliyewahi kufanikiwa atueleze alivyopapata mahali pake, na akitaja mahali ataje na saa.

Mchangiaji wa Kikuyu, Dodoma

Kaka, hapo ulipomalizia ndipo penye jibu. Nilipohamishiwa Tanga kikazi nilimwendea mzee mmoja mwenye ngalawa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia na papo hapo akaniuliza mwezi una siku ngapi. Sikujua. Akacheka sana, kisha akanieleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua katika pwani yetu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Siku iliyofuata alinikataza kubeba mshipi. Tulitembea juu ya mchanga uliokauka hadi tulipoona mfereji wenye upana kama wa kitanda, maji yakifika magotini, ukitoka kwenye mikoko na kupinda kando ya mwamba wenye mashimo. Alichovya mguu, akanionyesha mchanga uliochimbwachimbwa na kaa, akasema samaki wanaokuja kula huingia na maji kupitia mlango huo kabla sehemu nyingine hazijafunikwa. Tuliweka alama kwa kulinganisha mkoko mmoja mrefu na nguzo iliyokuwa nyuma yake, kwa sababu maji yakishajaa mfereji hauonekani tena. Saa nane tulirudi na chambo cha kamba na chubwi nyepesi, yaani kile kizito kinachozamisha mshipi. Kabla ya alasiri nilikuwa na chaa wawili na changu mmoja wa kiganja, na ndoana tatu zilibaki mwambani. Tangu hapo sijapata kutupa mshipi mahali ambapo sijapaona pakiwa pakavu.

Mchangiaji wa Kondoa

Nakubaliana nawe kuhusu kukagua, ila kwa anayevua akiwa juu ya mawe, kama kule Coco Beach, mimi naona maji mafu ni bora. Bamvua mkondo wake hubeba chubwi hadi mtu hajui kama ameliwa chambo au anavuta mwani. Aidha, msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi hupiga mawe hayo kwa nguvu, kwa hiyo nisingemshauri mgeni asimame hapo kabla ya kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mchangiaji wa Mpwapwa

Mimi niliaibika. Nilivuka kwenda Mbudya na mshipi mfukoni, nikijua kisiwa hakikosi samaki, nikaelezwa kwa upole kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari na uvuvi hauruhusiwi. Siku hizi huanza kwa afisa uvuvi wa eneo husika, ambaye hunieleza pia habari za leseni.

Mchangiaji wa Chamwino

Mahali pazuri panaweza kukupa samaki mbaya, dada na kaka zangu. Kwenye mlango wa mto Pangani nilivuta samaki akajivimbisha kama mpira, nami kwa ushamba nikamtia kwenye barafu nimpeleke nyumbani. Kijana wa mtumbwi alimtambua kuwa ni bunju, akamtupa bila kuniomba ruhusa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Mwanzisha mada

Nashukuruni nyote. Nimerudi jana. Safari hii nilifika Kigamboni siku ya mwezi mpevu, saa nne na nusu, mikono mitupu kwa makusudi, na baada ya kutembea sana nikaupata mfereji wangu kati ya majani na mwamba. Saa tisa nilikuwa na chaa watatu na tasi mmoja, aliyenichoma kwa mwiba wake wa mgongoni nikamtukana kama mtu. Nimewakaanga leo mchana. Jirani yangu amekula wawili na bado anashikilia kwamba nimewanunua kwenye bwawa la Mtera.