Michezo ya watoto Jumamosi (kikundi cha mtaa)

Mama Aisha: Jamani habari za asubuhi. Michango ya sherehe ya watoto imetosha chakula. Kilichobaki ni michezo. Lile jumba la kupuliza upepo nimeuliza bei, tukilikodi itabidi tupunguze nyama kwenye pilau.

Baba Kelvin: Mimi ndiye niliyelipendekeza, watoto wanalipenda sana. Lakini kama ni hivyo tuliache. Sasa watacheza nini kuanzia saa tisa mpaka magharibi?

Mwalimu Neema: Rede, kombolela, mbio za magunia, kuvuta kamba. Tena kwenye lile jumba wanaingia wachache tu, wakubwa wanawaangukia wadogo, na waliobaki wako kwenye foleni. Watoto wetu wana miaka 4 hadi 13, kiwanja kizima ni chetu siku hiyo.

Mwalimu Neema: Ila nina ombi moja, na hili nalisema kwa moyo wangu wote. Tusiweke mchezo wa kumtoa mtoto akakae pembeni mpaka mwisho. Ule wa kuzunguka viti, muziki ukikatika, anayetoka wa kwanza ni yule mdogo asiyejua kusukumana. Anakaa kwenye mkeka anaangalia wenzake, na ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote.

Mama Aisha: Hapo umenena. Wangu wa mwisho huwa analia kila sherehe kwa sababu hiyo hiyo.

Baba Kelvin: Lakini mwalimu, rede si ndiyo hiyo hiyo? Ukipigwa na mpira umetoka.

Mwalimu Neema: Tutacheza kwa timu. Warushaji wawili, mmoja kila upande, timu nzima katikati na chupa moja. Wanakwepa mpira huku wanajaza mchanga. Chupa ikijaa, waliopigwa wote wanarudi ndani. Hapo hata aliyetoka hatulii, anawapigia kelele wenzake wajaze haraka.

Dada Rehema: Shikamooni wote. Bibi yuko hapa, naandika anachosema: mpira wa rede msinunue dukani. Chukueni soksi, jazeni matambara, fungeni kwa kamba mpaka uwe mviringo. Uwe mwepesi, ukimpata mtoto usoni asiumie. Anasema ataufunga yeye mwenyewe.

Baba Kelvin: Shikamoo bibi. Ahsante sana.

Dada Rehema: Anasema marahaba mwanangu.

Mama Hassan: Naomba niulize. Hassan anatembea kwa magongo, mnajua. Kila tukialikwa mahali anapewa kazi ya kushangilia. Hii ya kujaza chupa ni ya kukimbia, na magunia ndiyo kabisa.

Mwalimu Neema: Mama Hassan, mrushaji wa rede hakimbii, anasimama sehemu moja. Tutamwekea kiti kwenye mstari, nyuma yake asimame mtoto wa kumwokotea mpira. Mimi nimemwona akirusha mawe kwenye mwembe pale kwenu, shabaha yake ni ya hatari. Muulize kwanza yeye mwenyewe anataka nini.

Mama Hassan: Nimemuuliza. Ameshaanza kuniomba soksi afanye mazoezi 😭🙏

Mama Aisha: Mungu ambariki.

Mjomba Saidi: Salaam. Mimi nina jogoo, tuwaachie wamkimbize, atakayemkamata ni wake. Sherehe zote wanafanya hivyo.

Dada Rehema: Mjomba, hilo hapana. Watoto wote hao wakimwangukia jogoo mmoja, mabawa yanavunjika huku anapiga kelele, na wadogo wanakanyagwa. Huyo jogoo aingie kwenye sufuria tu.

Mjomba Saidi: Sawa, nimeelewa. Basi nitaleta kamba ya kuvutana. Ninayo ya manila.

Mwalimu Neema: Manila inachuna viganja, mjomba. Tafuta ya katani, nene. Na mtoto yeyote asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni, wakivuta wengi vidole vinaweza kukatika. Hapo awepo mtu mzima mwanzo hadi mwisho. Magunia pia ya katani, sandarusi zinateleza.

Baba Kelvin: Kombolela naisimamia mimi. Ile raha ya kutoka mafichoni, unalipiga kopo teke na wote waliokamatwa wanakuwa huru, lazima wanangu waijue. Ila tuwekeane mipaka. Nitachora mstari wa chokaa. Hakuna kujificha kwenye magari, kwenye simtanki, wala upande wa barabara ya bodaboda. Na ile chemba ya nyuma ya duka mfuniko wake umepasuka, nitaweka mbao na matairi juu kabla hawajafika.

Mama Aisha: Kombolela iishe kabla ya saa kumi na mbili jioni basi. Siku hizi giza linaingia mapema.

Dada Rehema: Wa miaka 4 na 5 watakaa na mimi kivulini, tutaimba ukuti ukuti na nyama nyama. Nikitaja mbuzi wanaruka na kuitikia, nikitaja paka wananyamaza. Huko nako akikosea haondoki, tunacheka tunaendelea.

Mama Aisha: Zawadi je?

Mwalimu Neema: Kila mtoto pakiti ya ubuyu na penseli, sawa kwa wote. Shule zinakaribia kufunguliwa.

Baba Kelvin: Chupa mbili za lita moja na nusu ninazo.

Dada Rehema: Bibi anauliza soksi ziko wapi. Zisizo na wenzake zileteni leo kabla ya alasiri, anataka kufunga mipira mitatu.

Mama Hassan: Naleta sasa hivi. Na Hassan anakuja nazo, anataka aone zinavyofungwa.