Kuvikusanya vitu vya babu aliyepigana Burma

Mjukuu wa Wete:
Assalaam alaykum. Marehemu babu yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza) na alipelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alipofariki, mikarafuu yake ilihesabiwa mpaka mti wa mwisho kwa ajili ya mirathi, lakini vitu vyake vya jeshi havikuhesabiwa na mtu. Kila mmoja alichukua kilichomjia mkononi. Nishani moja ya duara iko kwa shangazi, nishani ya Nyota ya Burma iko kwa ami aliyeko Mombasa, na cheti cha kuachiwa jeshi ninacho mimi hapa Unguja, kimekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kupasuka. Wiki iliyopita niliona nyota ya shaba iliyoandikwa 1939–1945 katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, na muuzaji ananihakikishia kuwa ilitoka kwa "mzee mmoja wa Wete". Nitajuaje kama ni ya babu, na vitu vilivyobaki nivikusanye vipi bila ya kuzua ugomvi?

Mpenda Kale:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usitoe pesa bado. Nishani za Vita vya Kwanza ziliandikwa namba, cheo na jina la askari, nyingi kati ya hizo kwenye ukingo, lakini nyota za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina, kwa hiyo hiyo ya dukani inaweza kuwa ya askari yeyote, na "mzee wa Wete" ni maneno ya biashara tu. Ni kweli kwamba aliyepata Nyota ya Burma kwa kawaida alipewa na ya 1939–1945 pia, na pengo unaloliona lipo. Ila kuliziba kwa nyota ya mtu mwengine si kukirejesha kitu cha babu. Ukiipenda, inunue kwa bei ya shaba na utepe wake, kisha uiandikie wazi kuwa ni mbadala.

Kinachomtambulisha askari ni namba yake ya jeshi, nayo itazame kwenye hicho cheti. Namba hiyo mara nyingi iligongwa kwenye kijiko na uma wake, na wengi waliikwaruza wenyewe kwenye kopo la chakula au ndani ya mkanda. Basi usivitafute vitu vinavyong'ara peke yake, ingia jikoni. Kama kuna beji ya begani yenye kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katika mvua na matope na kuingia Kalewa mwezi wa Disemba.

Nakuomba pia usikipeleke cheti kufungwa kwenye plastiki ya moto, jambo ambalo hapa kwetu ndilo linalofanywa mwanzo. Kinyooshe taratibu, ukitie ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na ukuta unaotoa chumvi. Nishani nazo zisisuguliwe kwa ndimu na majivu.

Bibi wa Chake:
Mwanangu, ugomvi utauzua ukimwambia shangazi yako "nipe". Mwambie "nioneshe". Piga picha kila kitu, andika kiko kwa nani na alikipataje, na uandike pia anayoyakumbuka kuhusu marehemu, kwa sababu hayo hayauzwi dukani. Vitu vile ni vya warithi wote hata kama mlivipuuza, kwa hiyo vikikusanywa, yule atakayevihifadhi awe muwekaji tu, na wengine waridhie kwa maandishi.

Mtu wa Kilimani:
Ongezo dogo: usipoteze wakati katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, maana zimewekwa kwa ajili ya waliofariki, na babu yako alirejea. Fika Nyaraka za Taifa hapa Kilimani ukiwa na namba yake mkononi, si jina peke yake.

Mjukuu wa Wete:
Nashukuruni nyote. Nilipanda boti Ijumaa kwenda kwa shangazi. Nishani ya shangazi ina simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, na utepe wake umeliwa na nondo upande mmoja. Nilipomuuliza kuhusu jikoni alicheka, kisha akaniletea kijiko kizito anachochotea samli. Mpini umelika, lakini tarakimu nne za mwisho zinasomeka, na ni zile zile za kwenye cheti. Nyota ya dukani nimeiacha. Ami amekubali kuileta ya kwake atakapokuja Sikukuu, na shangazi ameridhia nishani ikae pamoja na cheti. Kijiko amesema hakitoki, kwa sababu hakuna kingine kinachofika chini ya mkebe wake.