Blaindi za kamba na mtoto anayepanda viti, nifanyeje?

UmmKauthar
Assalaam alaykum wapendwa. Tumehamia nyumba ya kupanga Kiembesamaki mwezi uliopita. Mwenye nyumba katia madirisha yote blaindi, zile pazia za ofisini. Za vyumbani ni za vibao, zinavutwa kwa kamba. Za ukumbini ni za kukunja, zina mnyororo wa shanga za plastiki unaoning'inia kama kitanzi mpaka karibu na sakafu.

Juzi niko jikoni nakuna nazi, nyumba ikawa kimya. Nikakimbia. Nikamkuta binti yangu, mwaka na nusu, kasimama juu ya kochi, mnyororo kauvaa shingoni kama mkufu, ananionesha huku anafurahi. Nilimtoa, alhamdulillah, lakini tangu siku hiyo usingizi sina. Mwenye nyumba hataki tuziondoe, anasema kazinunua ghali. Nisaidieni.

MamaWatatu_Fuoni
Wa alaykum salaam dada, pole sana. Usingoje fundi. Leo hii sogeza kochi mbali na dirisha, na kitanda chake pia. Mnyororo ukusanye juu kabisa uufunge kwa kitambaa. Miye kochi nililitoa nikasahau kitanda. Upepo wa kusi ukawa unaniingizia kamba mpaka kwenye mto wa mtoto.

Kijana_Mlandege
Kata hicho kitanzi kwa mkasi, kwisha maneno.

FundiMadirisha
Ndugu yangu, hapana. Ya kukunja ukiikata mnyororo haikunjuki tena. Ya vibao ukiikata kamba unabaki na nyuzi mbili ndefu, zikisokotana zimeshakuwa kitanzi kipya.

Dada, tazama chini ya ule mnyororo. Kwa kawaida huja na kishikio kidogo cha plastiki. Mnyororo unapita ndani yake, chenyewe kinapigwa skrubu ukutani mpaka mnyororo ukaze, kichwa cha mtoto kisipate pa kuingia. Mafundi wengi tunakiacha kining'inie kwa sababu ya uvivu wa kutoboa ukuta, na kikining'inia hakimlindi mtu. Nyumba yako ni ya matofali, kazi nyepesi. Walio Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, toboeni ndani zaidi mtie kipande cha mbao kwanza, la sivyo skrubu inang'oka siku mtoto akivuta.

Kamba za vyumbani zinataka kikulabu ukutani, kisipungue mita 1.5 kutoka sakafuni, na kamba izungushwe hapo kila unapomaliza kuvuta. Kila mara, hata ukiwa na haraka. Ila hata hivyo sikufichi: zile za vibao zina nyuzi nyengine zinazopita katikati ya vibao, na mtoto anaweza kuzivuta akafanya kitanzi pale pale. Chumba cha mtoto zitolewe kabisa dirishani.

Nesi_Pemba
Naunga mkono. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kwa mwili wake. Akiteleza kamba ikiwa shingoni hana nguvu ya kujiinua, na hawezi kulia kwa sababu koo limebanwa. Haifiki hata dakika nyingi, inaweza kuwa chini ya moja. Kwa hiyo "nipo chumba cha pili, nitamsikia" isikutulize, mama. Hutamsikia.

BibiWaWete
Wanangu, sisi madirisha yetu yalikuwa ya vibao vya mbao, unafungua unafunga, kamba hapana. Tazameni na kamba za chandarua pia, zile ndefu zinazobaki zikining'inia. Zikateni fupi.

Abuu_Bububu
Kwa mwenye nyumba: mwambie utazishusha, utazikunja vizuri uziweke juu ya kabati, na siku ya kuhama atazikuta zimetundikwa kama alivyoziacha. Mwandikieni hivyo. Utatundika pazia za kitambaa, fupi, zisiguse sakafu. Na ukija kununua zako, Marekani tangu mwisho wa 2018 viwango vya usalama vinataka blaindi zinazouzwa tayari dukani zisiwe na kamba za kuning'inia, kwa hiyo zisizo na kamba zipo sokoni. Mtumba wa zamani ndio bado unakuja na kamba, uwe makini nao.

UmmKauthar
Allah awalipeni nyote. Jana mwenye nyumba alikuja, nikamuonesha kwa mkono wangu pale mtoto alipokuwa kasimama. Alinyamaza, kisha akasema ana mjukuu wa miaka miwili. Za vyumbani kazishusha mwenyewe. Ukumbini mume wangu kapiga skrubu vishikio viwili, mnyororo umekaza kweli. Dirisha la tatu kishikio hakimo, pengine kilitupwa. Nimeufunga mnyororo juu kwa kanga. Fundi, unavyo?

FundiMadirisha
Ninavyo. Pima mnyororo kuanzia juu ya pazia mpaka unapoishia, unitumie kipimo. Kesho baada ya sala ya alasiri nakuja nacho.