Nyie mnaowarushia fisi mifupa kambini, mnatutafutia balaa

Wakuu, mnisamehe, leo natoa povu.

Tulifika kambini giza limeshaingia, baada ya kushinda barabarani. Kambi haina uzio, na hilo halinisumbui hata kidogo. Anayetaka uzio akalale hotelini. Kilichonichefua ni kundi la jirani. Wamemaliza kula, wamezunguka moto, jamaa mmoja anarusha mifupa gizani huku mwenzake ameshika simu anarekodi. Fisi yuko hatua chache tu kutoka walipokaa. Anaokota, anarudi nyuma, anakuja tena. Wanacheka. Nikawaambia waache, nikajibiwa: "Tulia bwana, huyu ameshazoea watu."

Ameshazoea! Nani kamzoesha?

Usiku wao wakalala fofofo, sisi ndio tukapata mgeni. Chakula chetu chote kilikuwa kwenye gari, deli la barafu limefungwa, vyombo vimeoshwa, hakuna hata ganda lililobaki nje. Lakini fisi atajuaje hema la nani ni la nani? Ameshafundishwa kwamba penye moto na mahema mifupa hutoka. Akaja kunusa upande tuliolaza vichwa, akavuta kamba mpaka kigingi kikang'oka. Tulisikia kila pumzi yake. Huyu ni mnyama ambaye taya zake zinavunja mfupa wa twiga, na kati yetu na yeye ni kitambaa tu. Mnyama wa porini asiyetarajia kitu kwa binadamu, kwa kawaida hema lililofungwa zipu hulipita tu. Anayetarajia ndiye anayerudi na kujaribu.

Asubuhi zamu ya nyani. Hawakuja kutafuta mbegu wala mizizi, walikuja moja kwa moja kwenye milango ya magari. Dume moja likaenda kwenye kitasa na kukivuta, bila kubahatisha. Nyani wa rasi ya Cape Town wanajulikana miaka mingi kwa kufungua magari namna hii, na ubaya wa nyani ni kwamba mtoto anamtazama mkubwa anajifunza. Ukimpa mmoja mkate leo, umelisomesha kundi zima.

Na msiniambie habari za "mimi nafunga vizuri kwenye mfuko". Tembo ana jeni takriban 2,000 za kunusa, zaidi ya maradufu ya mbwa. Mfuko wako wa plastiki unamficha nini? Kule Mana Pools, Zimbabwe, machungwa na jamii yake yalipigwa marufuku kwa sababu hiyo: tembo walishaonja, wakawa wanayafuata mpaka kwenye magari ya watu. Chungwa tu, jamani.

Sasa wenye kambi, maana nao siwaachi. Getini pana bango kubwa: USIWALISHE WANYAMA. Sawa. Halafu ingia ndani, pipa la taka halina kifuniko, limefurika, na liko karibu na mahema kuliko choo. Bango la nini basi, wakati pipa lenyewe linalisha usiku kucha? Hakuna hata sanduku moja la chuma la kufungia chakula, kwa hiyo waliokuja na pikipiki au baiskeli walale nacho kifuani. Nilipomweleza mlinzi kuhusu fisi akacheka, akasema ni kawaida yake, huja kila siku.

Wala dawa yake si siri. Yosemite, Marekani, mwaka 1998 walikuwa na matukio zaidi ya 1,500 ya dubu kuvamia magari na vyakula vya wageni. Wakaweka masanduku ya chuma, wakalazimisha watu kuyatumia, anayekaidi anapigwa faini. Matukio yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Dubu ni walewale, waliobanwa ni watu.

Najua kuna watakaokuja na "kama unaogopa wanyama kaa nyumbani". Kaka, mimi nasafiri kwa ajili ya hao wanyama! Kambi tuliyolala kabla ya hiyo ilikuwa kando ya mto, usiku kiboko akatoka majini kuja kula majani. Tulimsikia anavyong'oa nyasi pembeni ya hema, krap, krap, tukatulia kimya, hakuna aliyetoka wala kuwasha tochi, maana kiboko hukai kati yake na maji. Akashiba akaenda zake. Hakutaka kitu kwetu, wala sisi kwake. Ningelipa tena hata kesho kwa usiku kama ule. Yule fisi wa mifupa hakuwa porini tena, alikuwa ombaomba mwenye meno.

Na mwisho wake mnaujua. Siku akimrarua mtu, hatatafutwa aliyerusha mifupa. Yeye yuko kwake anahesabu waliopenda video. Atakayeitwa ni mtu wa bunduki, na atakayekufa ni fisi, kwa kosa la kufanya alichofundishwa. Halafu tutaambiwa eti fisi wa eneo lile walikuwa wakali.

Ninachotaka si kikubwa: mapipa yenye vifuniko vya kufungika, masanduku ya chakula, na anayekutwa analisha afukuzwe usiku huohuo bila kurudishiwa hela. Nimeshawaandikia wenye kambi. Wamejibu kwamba maoni yangu yamepokelewa, karibu tena. Aliyewahi kuwabana watu wa aina hii mpaka wakachukua hatua aniambie alipitia wapi, maana mimi na "maoni yamepokelewa" hatuelewani.