Tupeane uzoefu: mafao ya jimbo na msaada wa bure wa madai kwa tuliotoka jeshini Marekani

ButiKuukuu (mwanzisha uzi)

Wadau salaam. Wengi wetu tuliingia kwa MAVNI, mpango wa jeshi wa kuchukua wageni wenye lugha au ujuzi uliohitajika, Kiswahili kikawa ndiyo tiketi yetu. Uraia tukapata, mkataba ukaisha, tukakabidhiwa DD-214, ile hati ya kutoka jeshini, na kuambiwa kuna VA, idara ya serikali kuu ya maveterani. Habari za jimbo hakuna aliyezigusa.

Mimi nimekaa Minnesota miaka minne sijui kwamba kila kaunti, zote 87, ina ofisa wa maveterani na hatozi hata senti. Jengo lake nilikuwa nalipita kila siku nikienda zamu ya usiku.

Aliyenifumbua macho ni babu mmoja wa vita vya Vietnam, niliyekuwa namhudumia kwenye nyumba ya wazee. Usiku mmoja namvalisha soksi, magoti yangu yakalia kama mlango mbovu. Akaniuliza, "Umeshaonana na ofisa wa kaunti?" Nikamwambia simjui. Alinitukana vizuri tu.

Nilipokwenda, ofisa hakutaka hadithi kwanza. Siku ileile alituma fomu 21-0966, ya kuwajulisha VA kwamba nakusudia kudai fidia ya ulemavu. Hiyo inakushikia tarehe kwa mwaka mzima: hata ukihangaika na karatasi za hospitali miezi minane, dai likikubaliwa malipo yanahesabiwa tangu siku ile. Nikasaini na 21-22 ili awe mwakilishi wangu.

Nikapata asilimia 70 ya ulemavu, magoti na masikio pamoja na mambo mengine ambayo si ya kusema hapa. Nikadhani tumemaliza. Yeye ndiye aliyesema, "Nyumba ni yako?" Kumbe kwa Minnesota, kuanzia asilimia 70, dola 150,000 zinaondolewa kwenye thamani ya nyumba yako kabla ya kupigiwa kodi ya majengo. Ukiwa na asilimia 100 ya kudumu, ni 300,000. Unaomba kwa mthamini wa kaunti, usipoomba, hupewi.

Haya, wenzangu mmepitia wapi?

MamaLowell

Mimi sikuvaa sare, alivaa marehemu mume wangu. Huku Massachusetts sheria inataka kila mji uwe na ofisa wa maveterani, na kuna msaada wanaouita Chapter 115 kwa wenye kipato kidogo, wajane na watoto wakiwemo. Niliona haya kwenda, nikaona kama kuombaomba. Shemeji ndiye aliyenishika mkono hadi mlangoni.

Tabu ikawa cheti cha ndoa. Ndoa yetu ni ya kadhi, Mombasa, na kwenye cheti jina la mwisho la mume wangu ni la babu yake, wakati jeshini waliandika la baba. Karatasi mbili, kama wanaume wawili! Ofisa hakunifukuza. Tulikaa naye tukapanga viapo na pasipoti ya zamani mpaka mtu akawa mmoja. Dada zangu, linganisheni majina mapema, msingoje msiba.

Kaka_Mkubwa77

Nitasema ili mnicheke. Nililipa kampuni. Tangazo lilinikuta kwenye simu, wakaahidi kunipandishia asilimia, na malipo yao yakawa mara tano ya nyongeza ya mwezi mmoja. Mkataba unasema "ushauri" tu. Fomu nikajaza mwenyewe, usiku, mke wangu akinisomea maswali. Fedha wakachukua wao.

Baadaye ndiyo najua: hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza pale VA ikishatoa uamuzi na wewe unataka uangaliwe upya. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion wanafanya bure, na huhitaji hata kuwa mwanachama. Majina ya walioidhinishwa yako kwenye tovuti ya VA. Dakika mbili tu ningetafuta.

ButiKuukuu

Pole sana mkuu. Hakuna wa kukucheka.

Kaka_Mkubwa77

Mke wangu anacheka.

Houston_Mswahili

Texas kuna Hazlewood, msaada wa karo wa jimbo: hadi saa 150 za masomo (credit hours) bila karo kwenye vyuo vya umma. Nilikimbia kuomba, nikagonga ukuta. Ulipojiunga lazima Texas iwe ndiyo nyumbani kwenye rekodi zako, au uwe uliingilia jeshini hapa, au uwe mkazi wa hapa wakati ule. Mimi niliapa Georgia. Mdogo wangu aliyejiunga akitokea hapahapa Houston amesoma, na saa zilizobaki kamhamishia mwanawe. Jimbo ni lilelile, mama ni mmoja, yeye kapata mimi nimekosa.

Ila ukifika asilimia 100, Texas hulipi kabisa kodi ya majengo kwa nyumba unayoishi. Huko nakokwenda, polepole.

NimerudiArusha

Na sisi tuliorudi nyumbani?

ButiKuukuu

Fidia ya VA inakufuata huko, na Foreign Medical Program inalipia tiba ya maradhi waliyokubali kuwa yametokana na utumishi. Tunza risiti. Ya jimbo mengi yanataka ukazi, hayo uliyaacha uwanja wa ndege.

NimerudiArusha

DD-214 yangu ililoa, haisomeki.

ButiKuukuu

Omba nakala hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis, kwa mtandao, haina malipo. Lakini 21-0966 tuma leo, usisubiri bahasha.