Mjadala: keki ina korosho lakini pakiti haisemi, irudishwe au iachwe?

Wadau, kuna ndugu kasema eti wenzetu wa nje kuondoa mikate na keki madukani kisa pakiti haikuandikwa karanga ni kudekeza watu, sisi wa kusini tumekula korosho tangu utoto na hakuna aliyedhurika. Mi nasema yupo, ni mtoto wa dada yangu na mimi ndo mjomba wake.

Tunajua korosho hazipatani naye, ana mzio nazo, mwili wake unazikataa, kwa hiyo kila kitu tunasoma kwanza. Siku hiyo hapa Mtwara mjini nikamnunulia zile keki ndogo za pakiti kwa mangi, nikasoma unga wa ngano, sukari, mayai, mafuta, basi. Kala nusu tu, muda si muda midomo ikaanza kuvimba, anajikuna shingo, halafu kifua kikawa kinapiga filimbi, nikampakata kwenye bodaboda mpaka hospitali wakamchoma sindano ya adrenalini ndo akapata pumzi. Usiku nikaipasua ile nusu iliyobaki, ndani chenga nyeupe za korosho unaziona kabisa. Na tunajua zinakotoka, ukibangua zinazovunjika bei inashuka, muokaji anazichukua anachanganya, keki inakuwa tamu. Sina ugomvi na hilo. Aandike tu.

Kesho yake nikarudi dukani, mangi mtu mwema akatoa pakiti zote zilizobaki. Lakini yule muokaji anasambaza maduka mengi na pakiti hazina tarehe wala namba ya bachi (mkupuo uliookwa pamoja), sasa unarudisha zipi unaacha zipi? Hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Uingereza binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki 2016 kwa ufuta uliokandwa ndani ya mkate na pakiti haikusema, sheria ikabadilishwa, Oktoba 2021 ikaanza kazi. Ufuta huohuo ambao Lindi tunalima na kuuza. Ila sheria peke yake nayo ina mlango wa nyuma, Marekani ufuta ulipoingia Januari 2023 kwenye orodha ya vyakula vya mzio ambavyo lazima viandikwe kwenye pakiti, ukawa wa tisa, baadhi ya waokaji wakaona kusafisha mitambo isibaki na ufuta ni kazi, wakauongeza makusudi kwenye mikate ili waandike tu kwamba upo. Mwenye mzio akazidi kukosa cha kula. Tusiige hilo.

Najua mtasema mama wa maandazi atafunga biashara. Simzungumzii yeye, yeye yupo mbele yako unamuuliza "mama, hii umeweka karanga?" anakujibu, na akiwa anasagia karanga kwenye brenda ileile anakwambia. Namzungumzia anayefunga pakiti na kupeleka dukani, pakiti haiulizwi. Maka peni na kikaratasi, INA KOROSHO, na tarehe aliyooka. Haihitaji mtaji.

TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndo wamebeba mambo ya usalama wa chakula tangu 2019 na nataka waje huku, lakini wasianze na faini, waanze kukaa na waokaji wadogo wawaonyeshe namna ya kuandika, atakayeficha baada ya hapo mzigo wake utolewe madukani wote na redio zetu zitangaze jina la bidhaa.

Waokaji mliomo humu semeni, kinachowazuia kuandika korosho ni nini hasa? Gharama, au mnaogopa wateja watakimbia?