Dume la Dorper kwa kondoo wa Nanyumbu, anafaa?

Mfugaji wa Mangaka
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina majike wa kienyeji, wale wa mkia mnene, natafuta dume wa kuboresha kundi. Wenzangu wa kaskazini wanamsifia Dorper kwamba ukame anauweza na watoto wanakua haraka. Huku mvua ikikata Aprili hairudi mpaka mwisho wa Novemba, nikaona huyo ndiye wetu. Ila bei yake ni kubwa. Kuna aliyemlinganisha na mwekundu wa Kimasai?

Kijana wa Masasi
Chukua Dorper kaka, usisite. Mapaja yamejaa nyama, na pacha anazaa. Wale wekundu wengi huzaa mmoja mmoja.

Mama Zizi, Nachingwea
Mwanangu wa Mangaka, usitoe hela kwanza. Dorper ni kondoo mzuri. Alipatikana Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na Kichwa Cheusi wa Uajemi (Blackhead Persian), akusudiwe nchi kavu. Kiangazi chetu atakivuka. Kinachonitia hofu ni masika: joto lipo, nyasi zimelowa, na ile minyoo inayonyonya damu tumboni inazaliana ajabu.

Miaka ya 1990 watafiti waliwafuga Dorper na wekundu pamoja Diani, pwani ya Kenya. Kwenye unyevu ule Dorper walikufa wengi zaidi, na kundi la wekundu likazalisha zaidi ingawa miili yao ni midogo. Kapiti, bara ya Kenya kwenye ukame, pengo hilo halikuwa kubwa hivyo. Sisi mwaka mmoja tu tunaishi Kapiti na Diani zote mbili!

Kwa hiyo uzito wa mtoto mmoja aliyenawiri usikubabaishe. Anza na mama zao: wangapi walishika mimba, wangapi walizaa, watoto wangapi walifika kuachishwa. Hao waliofika wapime kwa mizani ya kuning'iniza, jumlisha kilo, kisha gawa kwa majike wote uliowapandisha, hata waliokosa. Jike aliyeachisha pacha wa kilo 12 kila mmoja amekupa zaidi ya mwenye mmoja wa kilo 20, na aliyefiwa amekula majani yako bure.

Ningekuwa wewe ningetafuta dume mwekundu, au chotara wake na Dorper, niwabakize majike wa kienyeji. Masika wafunue kope mara kwa mara. Ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, huyo mpe dawa ya minyoo. Usiwanyweshe wote kila mara, minyoo inaizoea dawa. Na jiwe la madini la ng'ombe usiwape kondoo kabisa, shaba iliyomo inawaua.

Mfugaji wa Mangaka
Asante sana mama. Nipandishe lini?

Mama Zizi, Nachingwea
Mimi dume namtia mwishoni mwa Desemba, majani yameota na majike wameanza kunenepa, maana hapo pacha huongezeka. Mimba ni miezi mitano, basi wanazaa kuanzia mwisho wa Mei. Mvua imekwisha, minyoo inapungua malishoni, na shambani kuna majani ya karanga, baadaye maganda ya mbaazi, ili maziwa ya mama yasikauke. Dume usimwache mpaka akapanda mabinti zake. Badilishana na mfugaji wa mbali kidogo, Liwale au Tunduru, lakini muulize kwanza dume wake alitoka kwa nani.